Shajara ya Michoro ya Rangi za Maji Mwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu 2019 nimekuwa nikichora maisha ya kila siku ya Mwanza kwenye madaftari ninayoyashona mwenyewe. Nikikaa kwenye soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba, au kwenye uchochoro wa Makoroboi, haipiti nusu saa bila mtu kusimama na kuniuliza kitu, na maswali mengi yanajirudia. Nimeyakusanya hapa. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu ndiyo yanayowakwamisha watu wengi, mengine yana jibu la mstari mmoja tu.

Shajara ya michoro ni kitu gani hasa?

Ni daftari la kumbukumbu za siku, kama shajara ya kuandika, ila hapa mchoro ndio unaotangulia na maneno yanafuata. Leo umechora sufuria ya uji iliyofurika jikoni, kesho kiti cha mbele cha daladala la Buhongwa, keshokutwa hukuwa na muda ukachora ufunguo tu. Kila ukurasa una tarehe. Mchoro hauhitaji kuwa mzuri wa kutundikwa ukutani. Unahitaji kuwa wa kweli: kile ulichokiona, mahali ulipokaa, siku hiyo.

Simu yangu ina kamera nzuri. Kwa nini nisipige picha tu?

Piga, hakuna ubaya. Mimi nitakueleza kilichonitokea, kisha utaamua mwenyewe.

Mama yangu anaishi Sengerema. Kila mwisho wa mwezi nilikuwa navuka na kivuko cha Kigongo–Busisi kwenda kumwona, na foleni ya kivuko ilikuwa ndefu. Siku moja, kwa kuchoka kukaa tu, nilitoa daftari nikaanza kuchora nilichokuwa nakiona: nyuma ya lori la mkaa, kondakta amelala na kofia usoni, mama mmoja mwenye beseni la matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kichwani akipita dirisha kwa dirisha. Mwezi uliofuata nikachora tena. Kuanzia 2020 nguzo za daraja zikaanza kutokeza majini, nikawa nazichora kila safari jinsi zinavyopanda. Daraja lenye urefu wa kilomita 3 hivi lilifunguliwa Juni 2025. Sasa gari linavuka ghuba kwa dakika chache, na mimi ni wa kwanza kushukuru, maana mama akiugua usiku sihesabu tena saa za kivuko.

Lakini foleni ile imeondoka pamoja na maisha yake yote. Nina picha za simu za miaka hiyo, nimezitafuta: ni mimi na wenzangu tukitabasamu, ziwa nyuma yetu. Hakuna hata moja yenye yule mama wa matobolwa. Kwenye daftari yupo mara saba, na najua kanga zake, najua beseni lake lilikuwa la bluu lenye ufa uliozibwa kwa plastiki iliyoyeyushwa. Nilijua hayo kwa sababu mkono ulikuwa unachora na jicho likalazimika kuuliza: ufa huu unaanzia wapi, unaishia wapi? Kamera haikulazimishi kuuliza.

Sijui kuchora kabisa. Tangu shule nilikuwa naambiwa sina kipaji.

Chukua kisanduku cha kiberiti, kiweke kwenye ukurasa, kizungushie penseli mara nne. Una vidirisha vinne vidogo. Ndani ya kila kimoja chora kitu kimoja tu cha leo: kikombe, kandambili, kitunguu, swichi ya taa. Kidirisha kidogo hakina nafasi ya mambo mengi, kwa hiyo hakitishi. Dakika tano kila kimoja.

Unapochora, angalia kitu zaidi ya unavyoangalia karatasi. Kosa la wengi wetu ni kuchora kile tunachojua badala ya kile tunachokiona. Tunajua mdomo wa kikombe ni duara, tunachora duara, kikombe kinaonekana kimepinduka. Ukikitazama kutoka mahali ulipokaa utaona mdomo ule umebanwa kama yai lililolala. Chora yai. Hilo moja likikuingia, umevuka mlima.

Fanya hivyo siku thelathini kabla hujajihukumu.

Vifaa gani vinatosha kuanzia?

Penseli ya HB au 2B. Brashi moja ya mviringo yenye ncha inayorudi yenyewe baada ya kulowa, namba 6 au 8. Brashi moja nzuri inakufaa kuliko kumi zinazopukutika nyweleo. Rangi sita, nitazitaja chini. Kitambaa cha pamba cha zamani, fulana iliyochoka inafaa sana. Chupa mbili ndogo za maji: moja ya kusuuzia brashi, moja ya maji safi ya kuchanganyia. Na karatasi. Kama pesa ni kidogo, punguza kwenye vyote vingine lakini si kwenye karatasi. Karatasi ya daftari la shule inajikunja na kuchimbika mara tu maji yanapoigusa, na mtu anadhani ni yeye asiyejua. Tafuta karatasi ya rangi za maji yenye gramu 300 kwa mita ya mraba. Ukiikosa, manila nzito ile ya shuleni itakuvusha kwa michoro yenye maji kidogo.

Karatasi bora kuliko zote kwa kazi hii hutengenezwa kwa pamba tupu, kwa kuwa nyuzi zake zinakunywa maji na kuvumilia kulowekwa na kusuguliwa tena na tena. Sisi wa Usukumani tumezaliwa katikati ya mashamba ya pamba, na kila ninaponunua shiti moja iliyotoka ng'ambo huwa nalifikiria jambo hilo.

Rangi za watoto za steshenari zinafaa?

Kwa kujifunza mkono, ndiyo. Kwa shajara unayotaka mjukuu aione, hapana. Rangi ya maji ni unga wa rangi uliofungwa kwa gundi inayotoka kwenye miti ya jamii ya mgunga. Zile za bei ya chini huwekwa unga wa rangi kidogo na chokaa nyingi, ndiyo maana zikikauka zinapauka na kuwa kama ukuta uliopakwa chokaa. Nilinunua boksi moja la namna hiyo nilipoanza, lina rangi 24 na picha nzuri juu yake, nikachora nalo machweo ya Capri Point. Jioni ilikuwa inawaka, ukurasa ukatoka kama maziwa yaliyotiwa maji. Nilikaa wiki mbili bila kushika brashi nikidhani tatizo ni langu.

Zile namba kama PB29 kwenye tyubu ni nini?

Hizo ndizo za kusoma, uachane na jina la kupendeza lililoandikwa mbele. Kampuni kila moja hubuni majina yake, lakini namba inataja unga wenyewe uliomo ndani, na ni ileile duniani kote. Tafuta tyubu yenye namba moja tu. Zenye namba tatu nne tayari zimechanganywa, na ukizichanganya tena unapata tope.

Sita zangu ni hizi: PY154, manjano angavu. PY43, manjano ya udongo. PV19, waridi iliyokolea. PB29, bluu yenye joto inayoelekea zambarau. PB15, bluu kali inayoelekea kijani. PBr7, kahawia ya udongo. Angalia hii, kwa sababu namba hiyo hubeba udongo wa aina kadhaa, nawe chagua ile nyekundunyekundu kama vumbi la barabara ya Kisesa wakati wa kiangazi.

Kijani sinunui. PB15 na PY154 zinakupa kijani cha mgomba, ukiongeza PBr7 kidogo kinakuwa cha majani ya mwembe. PB29 na PV19 zikiwa nyepesi sana zinatoa ua la magugu maji, ile zambarau hafifu inayoelea pembeni mwa ziwa. Nyeusi nayo siihitaji: PB29 na PBr7 zikiwa nzito zinatoa giza lenye uhai.

Kuzibeba ni rahisi. Kamulia rangi kwenye vizibo vya soda, ziache siku mbili tatu zikauke, kisha vibandike ndani ya mkebe wa hisabati wa shule. Kifuniko cha mkebe ndicho cha kuchanganyia. Mkebe wangu una miaka sita na unaingia mfukoni.

Kwa nini nishone daftari mwenyewe? Si nikanunue tu?

Ukilipata la kununua lenye karatasi nzito, nunua. Mimi nashona kwa sababu shiti kubwa inatoka bei nafuu kuliko daftari lililokwisha kushonwa, na kwa sababu daftari nililolishona siliogopi. Lina kasoro zangu tangu siku ya kwanza, kwa hiyo ukurasa wa kwanza haunitishi.

Chukua shiti mbili za A2. Kila moja igawe mara nne, upate vipande nane vya A4. Kabla ya kukunja, pinda kipande taratibu upande mmoja kisha upande wa pili. Karatasi ina nyuzi, na kuna upande unaokubali na unaokataa. Kunja kwenye upande unaokubali, la sivyo daftari litakuwa linajifungua lenyewe. Ikiwa unaokubali ni kwa urefu, utapata daftari jembamba na refu; si kosa, linafaa sana kwa milingoti ya mitumbwi na watu waliosimama. Vipimo vinavyofuata ni vya daftari la kawaida, lenye mgongo wa sentimita 21.

Pachika vipande viwili viwili, kimoja ndani ya kingine. Sasa una mikunjo minne, kila mmoja una kurasa nane, jumla kurasa 32. Usipachike zaidi ya viwili. Karatasi ya gramu 300 ni nene na ya ndani itachomoza nje.

Jalada ni turubai au ngozi laini, urefu sentimita 22, upana 32. Sentimita mbili za katikati ni mgongo. Usiubane mgongo, kurasa zikishapakwa rangi zinavimba. Toboa kila mkunjo mashimo matano kwenye mpindo: sentimita 1.5, 6, 10.5, 15 na 19.5 kutoka juu. Mgongo wa jalada nao utoboe mistari minne ya mashimo matano kwa vipimo vilevile. Mimi huazima msharasi kwa fundi viatu wa jirani. Sindano ya kawaida itakuumiza kidole.

Uzi uwe wa pamba, uburuze kwenye kipande cha mshumaa mara tatu ili uteleze na usifumuke. Uzi wa nailoni unakata karatasi. Anzia ndani ya mkunjo, shimo la 3, toka nje kupitia jalada na uache mkia wa kidole kizima. Ingia la 2, toka la 1, rudi ndani kupitia la 2. Ukiwa ndani, ruka hadi la 4, toka nje, ingia la 5, toka tena la 4, kisha ingia la 3. Funga fundo na ule mkia, huku uzi mrefu uliopita katikati ukiwa umebanwa chini ya fundo. Mkunjo mmoja tayari. La kwanza litakuchukua jioni nzima, la tatu utalimaliza redio ikisoma taarifa ya habari.

Nikitaka jalada gumu la boksi na kitenge?

Inapendeza sana, ila itabidi ubandike kwa gundi. Gundi ya wanga wa muhogo inashika vizuri na haiharibu rangi ya kitenge, lakini mende wanaipenda kama chakula. Nilipoteza mgongo wa daftari zima hivyo. Wajalidi vitabu wa zamani walikuwa wanatia shabu kidogo (ile ya kusafishia maji) kwenye uji wa gundi, nami siku hizi natia pia, kisha naacha jalada likauke kabisa chini ya uzito kwa siku mbili.

Naweza kutumia maji ya ziwa?

Naelewa hamu hiyo, nami nilishaifanya. Maji ya ufukweni yana mwani na matope laini. Rangi inatoka chafu na ukurasa unaweza kubaki na harufu. Tumia maji ya bomba. Na tafadhali usiingie majini kwenye matete kwa ajili ya kuchota au kupata pembe nzuri ya kuchorea: vijidudu vya kichocho vinatoka kwa konokono wa maji hayo ya kina kifupi na vinapita kwenye ngozi. Kaa kwenye jiwe.

La pili linalofanana na hilo: usilambe brashi kuichonga ncha. Baadhi ya rangi zina madini yenye sumu.

Mawe ya Mwanza nayachoraje? Yangu yanatoka kama viazi.

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa hiyo nivumilie.

Yanatoka kama viazi kwa sababu tunayazungushia mstari mweusi na kuyajaza kijivu kimoja. Nenda pale karibu na kivuko cha Kamanga, utazame Jiwe la Bismarck kuanzia saa kumi na moja jioni hadi jua linazama, kabla kidogo ya saa moja. Usichore. Tazama tu. Upande wa jua ni wa manjano iliyofifia unaoelekea waridi. Upande wa kivuli ni wa bluu. Chini, karibu na maji, kivuli kinapata mwanga unaopanda kutoka ziwani na kinakuwa chepesi tena. Juu kuna michirizi meupe ya kinyesi cha ndege, na michirizi myeusi mahali maji ya mvua yamekuwa yakiteremka miaka na miaka.

Sasa chora umbo lote kwa penseli, kwa mkono mwepesi. Yaache meupe yale ya ndege, usiyaguse hadi mwisho. Weupe wa rangi za maji ni karatasi yenyewe. Paka jiwe zima PY43 nyepesi yenye tone la PV19. Kabla haijakauka, bado inang'aa kwa unyevu, ingiza upande wa kivuli mchanganyiko wa PB29 na PBr7. Utauona unatembea wenyewe, ukiungana na manjano bila mpaka. Uache utembee. Hapo ndipo watu wanaharibu, wanarudi na brashi kusahihisha.

Halafu subiri. PB29 ina chembe nzito zinazotulia kwenye vishimo vya karatasi, na ikikauka inaacha vidoadoa vidogo, vilevile kama uso wa jiwe letu. Hukuvichora wewe. Kila mara vinapotokea nafurahi kana kwamba ni mara ya kwanza.

Mwisho, ikishakauka kabisa, futa brashi kwenye kitambaa ibaki na rangi nzito bila maji, uiburuze kwa ubavu kuteremka na michirizi ile myeusi. Kati ya jiwe na jiwe, kwenye nyufa wanakojificha pimbi, weka giza kidogo lenye ncha kali. Giza likiwa dogo na kali, jiwe linapata uzito.

Na ziwa? Nalipaka bluu lakini halionekani kuwa ziwa.

Kwa sababu si bluu, au si muda wote. Alfajiri Nyanza ni kijivu chenye lulu, na mstari wa ng'ambo haupo. Saa nne ni bluu kweli. Mchana upepo ukivuma linakuwa la fedha, unapaswa kuacha karatasi wazi zaidi ya unavyopaka. Mahali mwani umejaa ni la kijani kama supu ya mboga. Andika saa pembeni mwa mchoro, na baada ya mwezi utakuwa na orodha yako mwenyewe ya rangi za ziwa. Yangu ina michirizi 41, na hakuna miwili inayolingana.

Dagaa walioanikwa ni maelfu. Nachora kila mmoja?

Hapana. Paka eneo lote la mwaniko kijivu chepesi chenye joto, ukiacha vijimstari vingi vyeupe bila kupangilia. Vikikauka, ongeza vijimstari vyeusi vichache katikati. Kisha chagua dagaa watano sita walio karibu nawe, hao wachore kweli: tumbo jeupe, mgongo mweusi, jicho ambalo ni nukta moja yenye duara la fedha. Jicho la msomaji litawaona hao na kuamini wengine.

Mwaloni nenda asubuhi na mapema. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, wakiwavuta kwa taa. Kwa hiyo siku za mbalamwezi utakuta shughuli imepungua na meza nyingi ziko wazi.

Vitu vinavyosogea navipataje?

Anza na wanaotulia. Wale korongo wakubwa wenye upara na mfuko shingoni wanaosubiri mabaki ya samaki wanaweza kusimama dakika kumi bila kugeuza shingo. Ndio waalimu wangu.

Mjusi wa miambani ni mgumu zaidi lakini anastahili. Yule dume mwenye kichwa na mabega ya waridi na mwili wa bluu iliyokolea jina lake la kisayansi ni *Agama mwanzae*, amebeba jina la mji wetu. Asubuhi anaota jua, anarudi jiwe lilelile. Chora mara tatu nne nusu nusu kwenye ukurasa mmoja. Akigeuka, anza mchoro mpya, akirudi mkao wa kwanza, endelea na ule. Kwa watu wanaofanya kazi ni hivyohivyo: fundi wa Makoroboi anayegonga bati anarudia mkao uleule kila baada ya sekunde chache. Subiri mkono ufike juu, kariri, chora.

Watu hawakasiriki ukiwachora?

Wakiombwa vizuri, ni nadra sana. Nakaa kwanza, nasalimia, shikamoo kwa anayestahili, "mwadila" kwa mzee wa Kisukuma mchana, na hapo uso wake unafunguka. Kisha nasema wazi: "Mama, mimi nachora vitu vya kila siku. Naomba nikae hapa nichore meza yako." Nanunua kitu, hata fungu moja la nyanya, kwa sababu nimemkalia mahali pake pa riziki. Akisema hataki uso wake, nachora mikono, au mgongo, au bidhaa peke yake. Akisema hapana, nashukuru naondoka. Wapo wanaokataa kwa imani yao, na hilo halina mjadala.

Watoto watakuzunguka na kukuzibia mwanga. Mpe mmoja kipande cha karatasi na penseli, umwambie akuchore wewe. Wengine wote watamzunguka yeye.

Kuna mahali pa kuepuka?

Kambi za jeshi, vituo vya polisi, magereza, uwanja wa ndege, vizuizi vya ulinzi. Kuchora hapo kunaweza kukuletea matatizo sawa na kupiga picha. Mlinzi akikuambia ufunge daftari, funga, mwonyeshe kurasa kwa upole. Msibani sichori kamwe.

Niandike nini pembeni mwa mchoro?

Tarehe, saa, mahali. Hali ya hewa. Bei ya kitu kimoja, chochote, maana bei ndiyo inayosahaulika upesi kuliko yote. Na sentensi moja uliyoisikia, kama ilivyosemwa. Kwenye ukurasa wangu wa Machi 2021 kuna mchoro mbaya wa bajaji, lakini pembeni nimeandika alichosema dereva akitazama mvua inakuja kutoka ziwani: "Hii inakuja na viatu." Mchoro ungeweza kupotea nisiumie. Sentensi ile, hapana.

Andika kwa penseli au kwa kalamu yenye wino usioyeyuka. Peni ya kawaida ya shule inavumilia maji vizuri kuliko kalamu nyingi za wino za bei ghali. Ijaribu kwanza kwenye kona.

Nimeharibu ukurasa. Niuchane?

Usiuchane. Kwenye daftari la kushona kila karatasi imeshikana na mwenzake upande wa pili wa mkunjo, ukichana moja nyingine inalegea. Andika juu yake kilichotokea na uendelee.

Masika inasumbuaje?

Kati ya Machi na Mei karatasi inakunywa unyevu wa hewani na rangi inachukua muda mrefu kukauka. Beba klipu mbili za karatasi na usifunge daftari likiwa bichi, kurasa zitagandana. Kiangazi ni kinyume: Julai mchana, na upepo wa ziwa, mchanganyiko unakauka kabla hujauunganisha. Kaa kivulini, lowesha karatasi kwanza kwa maji matupu.

Rangi hazitafifia?

Kwenye daftari lililofungwa, nyingi zitadumu, kwa kuwa haziko kwenye mwanga. Zile sita nilizotaja zinavumilia mwanga vizuri. Epuka PR83, nyekundu nzuri sana dukani ambayo hufifia ikikaa juani. Kama una shaka na rangi yoyote, paka mchirizi, funika nusu kwa boksi, ubandike dirishani linalopigwa na jua miezi mitatu, kisha ulinganishe.

Natakiwa kutenga muda gani?

Dakika kumi na tano. Foleni ya benki inatosha.

Daftari likijaa nilihifadhi vipi?

Juu, pakavu, mbali na ukuta wa nje, lisiguse sakafu kwa sababu ya mchwa. Mimi natia majani makavu ya mwarobaini kwenye sanduku na kuyabadilisha kila masika. Kwenye ukurasa wa kwanza andika lilianza lini, liliisha lini, na sehemu kuu zilizomo, ili mtu mwingine akilifungua asipotee.

Daftari la kivuko halikai tena kwenye sanduku. Baada ya daraja kufunguliwa nilimtafuta yule mama wa matobolwa, nikamkuta Busisi, ana meza sasa kando ya barabara. Nilimwonyesha kurasa zote saba. Alizipitia polepole, akaweka kidole kwenye beseni la bluu, akasema, "Hili lilipasuka kabisa mwaka juzi." Akaniomba nakala ya ukurasa mmoja. Niliutolea nakala ya rangi, nikamletea safari iliyofuata, na yeye akanipa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa vikiwa vibichi, ya kumpelekea mama.